Jiko la Presha la Umeme: Chombo Kizuri kwa Mpangaji Asiye na Mita Yake

Jiko la presha la umeme nililolinunua Kariakoo kwa shilingi 150,000, la lita 6 na wati 1,000, linapika vizuri kuliko nilivyotarajia, na lau ningetakiwa kulipima kwa chakula chake pekee ningemshauri kila mkazi wa Dar es Salaam alinunue. Hata hivyo mimi ni mwanaharakati wa mrengo wa kushoto wa wastani, ninayeamini kwamba soko lina kazi yake na Serikali ina yake, kwa hiyo siwezi kukisifu chombo cha nishati safi bila kuuliza ni nani anayemudu kukinunua na ni nani atakayelipia umeme wake.

Kazi ambayo jiko hili linaijua hasa ni vyakula vigumu. Maharage makavu yasiyolowekwa huiva kwa muda wa saa moja hivi, ukihesabu na muda wa kupanda kwa presha, na makande au makongoro, ambayo kwenye mkaa humfunga mtu jikoni nusu ya siku, huiva huku mpishi akiendelea na shughuli zake. Wali hauungui. Presha ikitimia, kijipini kilicho juu ya kifuniko huinuka, kifuniko hakifunguki tena mpaka mvuke utolewe, na umeme huwaka na kuzima wenyewe kwa kadiri unavyohitajika. Ugali, kwa upande mwingine, ni taabu tupu, kwa kuwa sufuria ya ndani huzunguka pamoja na mwiko na utando wake hukwaruzika. Chapati ndiyo usahau kabisa. Mpira wa kifuniko nao hunasa harufu ya viungo kiasi kwamba uji unaopikwa baada ya pilau hunukia bizari nyembamba. Kijitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa Kichina na Kiingereza tu, jambo ambalo kwa chombo kinachohifadhi mvuke wenye nguvu kiasi hicho siwezi kuliita dogo.

Kuhusu gharama, hofu ya watu wengi ni kwamba jiko la umeme linakula LUKU, yaani umeme tunaolipia kabla ya kuutumia. Hili haliwezi kula zaidi ya uniti moja hata likiwaka saa nzima bila kupumzika, na halifanyi hivyo, kwa sababu presha ikishapanda hujizima mara kwa mara. Kwa mteja wa kawaida wa nyumbani uniti hiyo, pamoja na kodi na tozo, ni takriban shilingi 356. Kwa mteja mdogo, ambaye hatumii zaidi ya uniti 75 kwa mwezi, ni takriban shilingi 122.

Ni katika tofauti ya bei hizo mbili ambapo siasa inaingia jikoni. Bei ya chini imewekwa kwa ajili ya mnyonge, lakini mnyonge wa jiji hili, awe Manzese, Tandale au Mbagala, mara nyingi amepanga chumba kimoja katika nyumba ambayo wapangaji wote wanachangia mita moja. Vyumba sita vikijumlishwa, uniti 75 huisha mapema, na kila mmoja wao hulipa bei ya juu ingawa matumizi yake mwenyewe ni ya taa, feni na simu. (Ni mita hiyohiyo inayokata shilingi 1,500 kila mwezi za kodi ya jengo la kawaida, ingawa jengo si la mpangaji.) Hata mwenye mita yake, akiacha mkaa na kuanza kupikia umeme, huenda akavuka ukomo huo na kuadhibiwa kwa kufanya kile ambacho Serikali inamwomba akifanye.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania, na ninauunga mkono bila kinyongo. Tatizo langu ni kwamba juhudi inayoonekana zaidi hadi sasa ni mitungi ya gesi ya kilo 6, wakati gesi hiyo tunaiagiza kutoka nje, ilhali Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, limejengwa kwa fedha zetu katika Mto Rufiji. Bwawa hilo linategemea mvua na misitu ya juu ya mto, na mkaa ni miongoni mwa vinavyoimaliza misitu. Serikali ya mrengo ninaoutaka ingeondoa ukomo wa uniti 75 kwa umeme wa kupikia, ingemwezesha kila mpangaji kuwa na mita yake, na ingeruhusu jiko lilipwe kidogo kidogo kupitia LUKU, kwa kuwa shilingi 150,000 ni karibu theluthi ya kima cha chini cha mshahara wa utumishi wa umma, shilingi 500,000 tangu Julai 2025, na mama lishe hana hata huo mshahara. Yeye hununua mkaa kwa kopo, kila siku kwa fedha ya siku hiyo.

Atakayelinunua sasa adai lijaribiwe dukani kwa maji mpaka kijipini kiinuke, na aondoke na mpira wa akiba wa kifuniko siku hiyohiyo. Wangu ulilegea mapema, na duka lililoniuzia halikuwa na mwingine wa kuniuzia.