Hazina ya Simu za Rais Johnson: Tathmini ya Mwalimu wa Historia

Kwa miezi miwili nimekuwa nikisikiliza simu zilizorekodiwa za Lyndon Johnson, aliyekuwa Rais wa Marekani, ambazo zinatunzwa na maktaba yake iliyoko Austin, Texas, na ambazo mtu yeyote mwenye simu ya mkononi na bando anaweza kuzisikiliza mtandaoni bila malipo. Nilizitafuta ili nijiandae kufundisha Vita vya Vietnam kidato cha sita, nami nawaandikia walimu wenzangu na kila anayetaka kusikia, badala ya kusimuliwa tu, jinsi mtawala anavyopima mazungumzo ya amani huku jicho lake moja likiwa kwa wapiga kura.

Rekodi hizo ni za zaidi ya saa 600. Johnson aliagiza zifungwe kwa miaka 50 baada ya kifo chake, kilichotokea tarehe 22 Januari 1973, siku tano tu kabla ya mkataba wa Paris wa kusitisha Vita vya Vietnam kutiwa saini. Lakini maktaba, kwa ridhaa ya mjane wake, Lady Bird, ilianza kuzifungua mwaka 1993. Uamuzi huo naushukuru kwa moyo wote, kwa maana bila huo tungekuwa tumezisubiri hadi juzijuzi.

Anayeanza aanze na tarehe 27 Mei 1964. Asubuhi hiyo Johnson anazungumza kwanza na Seneta Richard Russell, rafiki yake wa miaka mingi, kisha na McGeorge Bundy, mshauri wake wa usalama wa taifa. Anamwambia Bundy kwamba haoni kama Vietnam inastahili kupiganiwa, na papo hapo anakiri kwamba haoni njia ya kutoka. Anamtaja sajini anayemhudumia, baba wa watoto sita, akijiuliza ampeleke huko kwa ajili ya nini. Kwa Russell anaonyesha hofu kwamba rais atakayeondoka Vietnam ataondolewa madarakani na Bunge. Nimeirudia sehemu hii mara nyingi kwa sababu ilinibadilishia somo zima. Nilikuwa nikifundisha kwamba vita vilianza vikiwa na uungwaji mkono, kisha vikachukiwa, na ndipo siasa za ndani zikaibana diplomasia. Rekodi hizi zinaonyesha kwamba siasa za ndani zilikuwa mezani tangu mwanzo, wakati mitaa ya Marekani bado ikiwa kimya na uchaguzi ukiwa miezi michache mbele, na kwamba ni hizo zilizomfanya rais aone aibu ya kuondoka kuwa nzito kuliko maisha ya yule sajini. Miaka minne baadaye Marekani ilikuwa na askari zaidi ya 500,000 nchini humo.

Simu za vuli ya 1968 zinahitaji utulivu zaidi. Machi 31 Johnson alikuwa ametangaza kwamba hatagombea tena, na mwezi Mei mazungumzo ya amani na Vietnam Kaskazini yakaanza Paris. Oktoba 31 akasimamisha mashambulizi yote ya mabomu dhidi ya Vietnam Kaskazini, ilhali kura zilikuwa zipigwe Novemba 5. Siku mbili baada ya kusimamisha mabomu, Rais Thieu wa Vietnam Kusini, mshirika wa Marekani, akakataa kupeleka wajumbe Paris. Usiku huo Johnson anamwambia Seneta Everett Dirksen, kiongozi wa Republican katika Seneti, kwamba watu wa Richard Nixon, mgombea urais wa chama hicho, wanawasiliana na Saigon, makao ya serikali ya Thieu, ili kuchelewesha amani, na kwamba huo ni uhaini. Kesho yake Nixon mwenyewe anapiga simu kukana. Ukisikiliza kwa kufuata tarehe, utaelewa kwamba Thieu naye alikuwa akipima siasa za Washington kwa mizani yake, akitarajia kwa Nixon masharti bora kuliko ya Hubert Humphrey, makamu wa Johnson na mgombea wa Democratic.

Kuhusu matumizi, sauti ni ya mikanda ya zamani, hivyo ina mikwaruzo, na lafudhi ya Johnson ni ya Texas hasa, kwa hiyo vaa spika za masikioni na uwe na maandishi mbele yako. Miller Center ya Chuo Kikuu cha Virginia imeweka mtandaoni unukuzi wa simu nyingi. Jambo moja lisisahaulike darasani: Johnson alijua kwamba anarekodi, na wengi aliozungumza nao hawakujua, hivyo huu ni ushahidi wa kuhojiwa kama ushahidi mwingine wowote. Tena, sauti za wakulima wa Vietnam hazimo kabisa, na mwalimu atalazimika kuzitafuta kwingine.

Hata hivyo, naipendekeza hazina hii bila kusita. Simu ya Bundy nimekwisha kuipakua, na muhula ujao wanafunzi wangu watamsikia rais akimtaja sajini wake kabla sijawaandikia ubaoni tarehe hata moja.