Kadi mpya ya bibi: dole limegoma, umri umepungua

Huu mwaka wa pili bibi yangu ana kadi mpya ya Mzanzibari Mkaazi, ile yenye chipu. Tuko Wete, Pemba, na kila safari mpelekaji ni mimi, kwa hiyo naijua kuliko mwenyewe.

Kadi nzuri. Imara, picha inaonekana, na jina la baba yake safari hii limeandikwa sawa. Hospitali, pale mapokezi, bibi alifungua pindo la kanga, akaitoa, namba ikaandikwa, basi. Hakuna kuulizwa ukoo mzima.

Kazi ilikuwa kuipata. Bibi amepiga makumbi ufukweni tangu msichana, na msimu wa karafuu huchambua mpaka usiku. Vidole vyake vimelika, laini kama mgongo wa kijiko. Mashine ya alama za vidole ikakataa kimoja baada ya kimoja. Kijana aliyekuwa akiandikisha (mpole, Mungu ampe) akamwambia, "Kipulizie bibi, kama unapoza chai." Akapuliza. Dole gumba la kushoto likakubali mara ya saba, foleni nzima ikapiga makofi. Mwenye mzee nyumbani ampake vidole mafuta ya nazi usiku wake, asubuhi avipanguse kwa kitambaa kibichi.

Sasa umri. Kadi ya zamani ilimwandika 1954, mwaka aliokisiwa na karani, na mpya imeurithi vilevile. Bibi anasema Mapinduzi ya 1964 yalimkuta ameshavunja ungo. Kwa miaka kumi? Tukaomba urekebishwe, tukaambiwa tulete cheti cha kuzaliwa. Kazaliwa chumbani kwa mama yake, mkunga keshakufa, cheti tukitoe wapi?

Jambo lenyewe si dogo, maana Pensheni Jamii, ile fedha ya wazee ya serikali ya Zanzibar, ni kuanzia miaka 70. Ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapanda hadi 50,000. Wenzake aliochezwa nao wakawa wanapokea, yeye alikuwa kibarazani akihesabiwa bado mbichi.

Nyota tatu kati ya tano. Ya nne ningeitoa kama si mdogo wake bibi, aliyembeba mgongoni mwenyewe, ambaye kaandikwa 1951 na akaanza kupokea miaka mitatu kabla yake. Siku hizi wakikutana, bibi humwahi mlangoni: "Shikamoo, dada."