Dume la elki mwisho wa msimu wa uwindaji: umtafute kwa darubini au kwa nyayo?

Novemba katika Milima ya Rocky, Amerika Kaskazini, msimu wa kupandana wa elki, kulungu wakubwa wa huko, umeshapita. Madume wakubwa wamekonda, wamejitenga na majike na hawatembei ovyo.

Darubini huanzia gizani. Nusu saa kabla ya mapambazuko uwe umetulia mkabala na mteremko unaotazama kusini, ambako jua huyeyusha theluji na nyasi hubaki wazi. Darubini ya 10x42 (inayokuza mara kumi, lenzi ya mbele ya milimita 42) iwekwe juu ya stendi ya miguu mitatu. Ikishikwa mkononi hutikisika, na dume aliyesimama ukingoni mwa msitu huonekana kama kisiki. Ukikuta kundi kubwa la majike, tazama juu zaidi: madume mara nyingi hubaki mwinuko wa juu.

Nyayo zinataka theluji mpya, laini. Ile iliyoganda hulia kama bisi mdomoni, usijisumbue. Unyayo wa dume ni mpana zaidi, na mkojo wake huanguka mbele ya nyayo za miguu ya nyuma. Mwendo ukianza kupindapinda, simama. Anatafuta pa kulala, kwa kawaida kwenye misonobari minene upande wa kaskazini. Jua likipasha mteremko hewa hupanda, kwa hiyo ukimjia kutoka chini atakunusa.

Darubini kwanza. Nyayo zingoje elki wakishaingia msituni.