Mkahawa wa kando ya mto, Boscastle: skonzi nzuri, chai ya kuchelewa

Boscastle, kijiji cha bandari kilicho pwani ya kaskazini ya Cornwall nchini Uingereza, kina mikahawa kadhaa kando ya mto Valency, na huu ninaouzungumzia, ulio hatua chache kutoka darajani, unafaa kutembelewa licha ya kasoro zake.

Skonzi zililetwa zingali za moto, jamu ya stroberi ilikuwa na vipande vya matunda, na krimu nzito, ambayo watu wa Cornwall huipaka juu ya jamu, ilikuwa imefanya utando wa njano. Chai ilichelewa mno, ikafika imepoa, na tulipolalamika tukaletewa birika jingine pasipo hata neno la samahani. Kwa bei wanayotoza, hilo halikubaliki.

Nimeupa nyota nne kwa sababu ya jengo lenyewe. Tarehe 16 Agosti 2004, mvua ya takriban milimita 185 ilinyesha kwa saa tano hivi kwenye vilima vilivyo nyuma ya kijiji. Mito Valency na Jordan, ambayo hukutana papo hapo kijijini, ikafurika, ikang'oa miti na kuzoa magari kutoka kwenye maegesho, na takataka hizo zikaziba daraja hata maji yakajipenyeza majumbani na madukani. Helikopta ziliokoa watu wapatao 100, wengi wao wakiwa wamekimbilia juu ya mapaa, na hakuna aliyefariki, ilhali Lynmouth, kijiji cha pwani hiyo hiyo upande wa Devon, na vitongoji vyake vilipoteza watu 34 katika mafuriko ya Agosti 1952.

Waliolikarabati jengo hili walifanya kazi wakijua kwamba maji yanaweza kurudi. Soketi za umeme zimewekwa juu, usawa wa bega la mtu aliyeketi. Sakafu ni ya mawe bapa yanayoweza kuoshwa kwa mpira wa maji. Na karibu na mlango kuna mstari mwembamba wa buluu unaoonyesha maji yalipofikia, ambao mhudumu wetu, kwa masikitiko yangu, hakuweza kuueleza. (Jumba la makumbusho ya uchawi, ambalo nalo liliingia maji na kufunguliwa tena mwaka uliofuata, liko jirani, watoto wangu walikataa katakata kuingia.)

Ombeni meza ya dirishani. Kutoka hapo mtaona mto uliochimbwa na kupanuliwa baada ya mafuriko, pamoja na daraja jipya lililojengwa kwa uwazi mkubwa zaidi ili miti isinase tena chini yake. Wenye viti vya magurudumu wafahamu kwamba choo kiko ghorofani na lifti hakuna.