Kisahani kizuri, kijitabu kibovu: tathmini ya seti ya majaribio ya supakonda

Seti hii ya kuonyesha supakonda, yaani kitu ambacho kikipozwa vya kutosha hupitisha umeme bila ukinzani wowote, tuliinunua kwa ajili ya klabu ya sayansi ya shule yetu hapa Malindi. Ndani yake mna kisahani cheusi cha yitriamu, bariamu, shaba na oksijeni, sumaku ndogo, koleo la plastiki na kijitabu.

Kisahani hakina ila. Huanza kupitisha umeme bila ukinzani kinapopoa hadi takriban kelvini 92 (kama nyuzi 181 za Selsiasi chini ya sifuri), na kwa kuwa nitrojeni kimiminika huchemka kwenye kelvini 77, kukizamisha humo kunatosha kuifanya sumaku ielee juu yake. Nitrojeni, hata hivyo, jitafutieni wenyewe. Sisi tuliipata kwa mtaalamu wa mifugo anayehifadhia humo mbegu za kupandishia ng'ombe, na kwa joto letu bakuli lilikauka kabla foleni ya wanafunzi haijaisha.

Lawama yangu ni kwa kijitabu, kinachodai kwamba usumaku na supakonda ni paka na panya. Kauli hiyo inaifaa zebaki aliyoipima mwanafizikia Mholanzi Kamerlingh Onnes mwaka 1911, ambayo elektroni zake hushikana jozi zenye spini (usumaku mdogo wa kila elektroni) zilizopeana mgongo, hivyo uga wa sumaku ukizidi nguvu jozi huvunjika. Lakini kisahani chenyewe kinakikanusha kijitabu: kipunguzieni oksijeni ya kutosha, nacho kitakuwa kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, ambacho spini za atomi zake za shaba zimepangika kwa kupishana, moja juu, moja chini, na wanafizikia wengi huona kwamba mitikisiko ya mpangilio huo ndiyo inayozifunga jozi. Tena mwaka 2000 watafiti wa Cambridge na Grenoble walieleza kuhusu UGe₂, mchanganyiko wa yureniamu na jamaniamu, ambao ukibanwa kwa shinikizo linalozidi la hewa zaidi ya mara elfu kumi, kwenye baridi isiyofika hata kelvini 1, hupitisha umeme bila ukinzani huku ungali sumaku, na kazi zote mbili zikifanywa na elektroni zilezile. Mwaka uliofuata URhGe, mchanganyiko wa yureniamu, rodiamu na jamaniamu, ilionyesha hayo bila kubanwa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba humo spini za jozi huelekea upande mmoja, kwa hiyo usumaku hauna cha kuvunja.

Ukurasa ule nimeubandikia karatasi yenye maelezo haya. Kisahani tunakiweka katika chupa kavu iliyofungwa vyema, kwa maana unyevu wa pwani hukila.