Kuusikiliza Mwili au Kuipumbaza Akili Katika Marathoni

Mwanariadha anayepita kilomita ya 30 katika mbio za kilomita 42.195, wakati akiba ya glaikojeni, yaani sukari inayohifadhiwa misulini, inapokaribia kwisha, ana njia mbili za kuituliza akili yake. Ya kwanza ni kuusikiliza mwili, yaani kufuatilia pumzi, urefu wa hatua, mabega yaliyokaza na kasi ya kila kilomita. Ya pili ni kuipeleka akili mbali, kwa kuimba moyoni, kuhesabu miti au kuzungumza na mwenzake.

Watafiti wa Marekani, William Morgan na Michael Pollock, walieleza mwaka 1977 kwamba wakimbiaji wa kiwango cha juu walielekea njia ya kwanza, na wa kawaida ya pili. Si ajabu, kwani anayeusikiliza mwili hugundua mapema kwamba ameanza kwa kasi mno, ilhali aliyejipumbaza huweza kupitwa na dalili za joto kali au jeraha. Hata hivyo, kusikiliza si kuchunguza kila uchungu, jambo ambalo huuzidisha tu. Eliud Kipchoge, kwa mfano, hutabasamu makusudi ili kuulegeza mwili huku akiendelea kuudhibiti mwendo wake.

Kujipumbaza kunafaa zaidi katika mazoezi marefu, ambayo huchosha kwa upweke kuliko kwa ugumu. Kwenye mpando wa kuelekea Mweka katika Marathoni ya Kilimanjaro, mimi ningechagua pumzi na hatua fupi, na nyimbo zingesubiri mteremko.