Kutoa upya riwaya ya zamani kupitia KDP: uzoefu wangu

Nyota nne kwa kitabu pepe, tatu kwa kitabu cha karatasi. KDP (Kindle Direct Publishing), huduma ya Amazon ya kujichapishia vitabu, inamfaa sana mwandishi mwenye riwaya iliyokwisha kuuzwa ambaye sasa anataka kuirekebisha, ila ajue mapema ni kipi kinabadilika na kipi kimefungwa. Nazungumzia riwaya za Kiingereza, maana Kiswahili hakimo kwenye orodha ya lugha za KDP. Mwenye mswada wa Kiswahili aangalie kwingine kabla hajahangaika na faili.

Kitabu pepe hakina shida. Unafungua kitabu kilekile, unapakia mswada mpya juu ya ule wa zamani, unachapisha tena. Ukaguzi huchukua hadi saa 72. Maoni ya wasomaji yanabaki palepale na hulipi kitu. IngramSpark, huduma nyingine ya kujichapishia, hutoza dola 25 kwa kila faili unayobadilisha baada ya siku 60 za kwanza, kwa hiyo kwa mtu mwenye mkono wa kurekebisharekebisha, KDP ni nafuu. Faili iwe EPUB au DOCX (ya Word). Kama umebaki na MOBI tu, yaani muundo wa zamani wa Kindle, irudishe kwanza kwenye DOCX, kwani tangu 2021 riwaya za kawaida hazipokelewi kwa MOBI.

Wengi hudhani waliokwisha kununua watapata toleo jipya papo hapo. Sivyo. Inakubidi uwaandikie KDP ukitaja makosa halisi uliyosahihisha na mahali yalipo. Wao ndio wanaoamua kama yana uzito wa kuwajulisha wanunuzi. "Nimeboresha lugha" haitoshi. Sura iliyokosekana au aya zilizojirudia zinatosha.

Kazi kubwa iko kwenye mswada wenyewe. Kama faili ya awali imepotea na umeskani nakala iliyochapwa, tegemea herufi "rn" kusomeka "m", "cl" kusomeka "d", na vistari vya mwisho wa mstari kubaki katikati ya maneno. Kikagua tahajia hakiyaoni yote: "modern" ikigeuka "modem", bado ni neno halali. Dawa ni kuiamuru kompyuta isome kwa sauti huku ukifuata kwa macho. Kisha ondoa nafasi na tabo zilizotumika kusogeza aya, weka mtindo wa kichwa cha habari kwenye kila jina la sura ili orodha ya yaliyomo ijitengeneze, na mwishoni tumia zana ya Word ya kulinganisha hati mbili. Hiyo ndiyo inayokuonyesha aya uliyoifuta bila kukusudia.

Halafu kuna kishawishi cha kuisasisha hadithi. Mimi siungi mkono. Riwaya ya mwaka 2004 ambayo mhusika anakwangua kadi ya simu ukimpa M-Pesa imeharibika, maana huduma hiyo ilianza Kenya mwaka 2007, na kisa kizima cha kuchelewa kwa pesa kinaporomoka. Sahihisha mwendo wa kisa, majina, umri na tarehe. Zama ziache.

Sasa karatasi. Kitabu kikishachapishwa, jina lake, jina la mwandishi, ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) na vipimo vya ukurasa havibadiliki tena. Maandishi ya ndani na jalada unaweza kubadilisha, lakini idadi ya kurasa ikipanda, kila kitu kinasogea. Chukua riwaya ya kurasa 280 kwenye karatasi ya rangi ya maziwa. Kila ukurasa huongeza mgongo milimita 0.0635, kwa hiyo mgongo ni karibu milimita 17.8. Ukiongeza sura mbili ukafika kurasa 320, mgongo unakuwa milimita 20.3 na jalada la zamani halikai tena. Isitoshe, umevuka kurasa 300: pambizo la ndani linatakiwa kuongezeka kutoka milimita 12.7 hadi 15.9, mistari inabanwa, na kurasa zinaongezeka tena. Maliza mpangilio wa ndani kwanza, ndipo umwagize msanii jalada. Wanaoanza na jalada hulipa mara mbili.

Bei nayo ipigiwe hesabu upya. Uchapaji wa nyeusi na nyeupe kwa soko la Marekani ni dola 1 pamoja na senti 1.2 kwa ukurasa: kurasa 280 ni dola 4.36, kurasa 320 ni dola 4.84. Ukiuza kwa dola 9.99 mrabaha (mgao wa mwandishi) ni asilimia 60 ya bei kabla ya kutoa gharama hiyo, unabaki na kama dola 1.63 au 1.15. Tangu Juni 2025, bei iliyo chini ya dola 9.99 hupewa asilimia 50 tu. Riwaya ileile ya kurasa 280 kwa dola 8.99 inakuachia takriban senti 13. Kwa mauzo ya Marekani ondoa pia kodi ya asilimia 30, kwa kuwa Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na nchi hiyo.

Ukibadilisha kisa chenyewe, hilo ni toleo jipya na linataka ISBN mpya. Ile ya bure ya KDP haitumiki nje ya KDP, kwa hiyo anayepanga kuchapa pia Nairobi au Dar es Salaam achukue yake, Kenya kwa Huduma ya Maktaba ya Taifa, Tanzania kwa Bodi ya Huduma za Maktaba. Ukurasa wa kitabu cha zamani cha karatasi hautafutika Amazon hata ukikiondoa sokoni, na usitarajie maoni yake yahamie kwenye kipya.

Kama riwaya ilitolewa kwanza na kampuni ya uchapishaji, pata barua ya kurejeshewa haki kabla ya yote, kwani KDP inaweza kuidai. Barua hiyo kwa kawaida haikupi jalada wala mpangilio wa kurasa. Na kama sura zako ziliwahi kugawiwa bure Facebook, zifute kabla ya kujiunga na KDP Select, mpango wa kuuza kitabu pepe Amazon pekee: kwa siku 90 kitabu pepe hakiruhusiwi kupatikana kwingine, isipokuwa dondoo isiyozidi asilimia 10.

Agiza nakala ya majaribio kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapisha. Unaruhusiwa tano kwa oda moja, zina utepe wa kuzuia kuuzwa kwenye jalada, na mgongo uliopinda huonekana hapo tu, si kwenye skrini.